Uvira ni mji tangu 2013. Baraza lake liko wapi?



Leo hatuandiki juu ya mtu. Tunasema hivyo mwanzoni kabisa, sababu hapa kwetu ukitaja neno meya watu wanaanza kuuliza umetumwa na nani na unataka nani atoke. Tunaandika juu ya nyumba. Ni ile nyumba ya mji, ambayo wengine wanaiita meri na wengine wanasema tu "kwa meya". Hilo jina la pili ndilo linatusumbua. Nyumba ya mji mzima inaitwa kwa mtu anayekaa ndani, na sisi wenye mji tunaingia kama wageni. Tunavua kofia, tunangoja kwenye benchi, karatasi inapigwa kashe, tunalipa, tunatoka.

Hebu tujiulize. Kama kesho ile kashe ingehamishwa na kuwekwa mezani kwa jirani, nyumba ya mji ingebaki na kazi gani machoni pa kijana wa Kasenga au wa Kimanga? Wengi watajibu: hakuna. Sisi tunasema jibu hilo si kosa lenu. Ila sheria za inchi hii zinasema kitu kingine kabisa, na kijana wa Uvira anapaswa kukijua.

Uvira haikosi nyumba za leta. Kuna ofisi ya teritwari, kuna duane pale mpakani Kavimvira, kuna bandari ya Kalundu, kuna polisi, kuna kambi. Zote hizo zinapokea maagizo kutoka juu, na mkubwa wake anajibu kwa mkubwa mwingine aliye mbali. Hatulalamiki, ndivyo serikali inavyofanya kazi. Lakini Katiba ya 2006, kwenye kifungu cha 3, inataja mji, komini, sekta na usultani kama mamlaka zenye nafsi yake mbele ya sheria, zinazoongozwa na vyombo vya wenyeji. Maana yake mji unaweza kuwa na mali yake na bajeti yake, na unaweza kushitaki au kushitakiwa kwa jina lake. Nyumba ya mji ndiyo makao ya nafsi hiyo. Kati ya majengo yote yenye bendera hapa, ni hiyo pamoja na nyumba za komini zetu tatu ambazo sheria inazikabidhi kwa wakazi.

Wakazi wanaingiaje ndani? Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya mamlaka hizo imepanga ngazi, na si ngumu kuielewa. Sisi wakazi tunachagua baraza la komini kwa kura zetu wenyewe. Washauri wa komini wanachagua baraza la mji. Baraza la mji linamchagua meya na naibu wake. Baraza ndilo linapitisha bajeti, linakagua hesabu za mwaka, linajadili kodi za mji na mpango wa ujenzi. Meya anatekeleza, halafu anarudi mbele ya baraza kueleza amefanya nini.

Sasa tuangalie Uvira iko na nini katika ngazi hiyo. Meya tuko naye, na wakuu wa komini wako. Wote wameteuliwa kutoka juu. Ofisi ziko, bendera iko, wakusanya kodi wako na wanafika kila asubuhi bila kuchelewa. Mshauri aliyechaguliwa hayuko hata mmoja. Ngazi yetu iko na kipande cha juu tu, na sisi tuko chini tunaangalia hewa.

Ndugu zetu, hali hii haikuanza jana. Turudi nyuma kidogo, maana nyumba za utawala Uvira ziko na historia ndefu.

Wazungu Burton na Speke walipofika hapa mwaka 1858, Uvira ilikuwa tayari kituo cha biashara, mwisho wa njia ya majahazi na mitumbwi iliyotoka Ujiji. Pembe za tembo zilipita hapa, na watu waliouzwa walipita hapa. Baadaye wakaja Wabelgiji wakafanya Uvira kituo cha jeshi, halafu makao ya teritwari. Mkubwa wa teritwari alihesabu watu, alikusanya kodi ya kichwa, alihukumu, alifunga. Kiti kilikuwa kimoja na kazi zote zilikuwa juu ya kiti hicho. Mwenyeji alikwenda pale akiitwa, na akiitwa alijua ni shida.

Uhuru ulikuja 1960, kiti kikabaki. Mei 1964 waasi wa Soumialot waliingia Uvira. Oktoba 1996 mji ulianguka mwanzoni mwa vita vya AFDL. Mwaka 1998 ukaingia mikononi mwa RCD. Oktoba 2002 Mai-Mai waliuchukua kwa siku chache, halafu RCD wakarudi. Septemba 2017 watu wa Yakutumba walishambulia kutoka ziwani na mji ukatetemeka. Wazee wetu wameona bendera na vitambaa vya rangi nyingi kuliko miaka waliyosoma shuleni. Na kila aliyeingia alikuta kazi yake imerahisishwa: kiti kimoja, kashe moja, kundi la watu waliozoea kupanga mstari mbele ya mlango. Ukikalia kiti, umekamata mji.

Hapo ndipo tunaona faida ya baraza ambayo watu hawaisemi sana. Kiti kimoja kinakamatwa kwa asubuhi moja. Baraza la watu waliochaguliwa kutoka kila upande wa mji, wanaojulikana kwa majina na majirani zao, ni kazi ngumu zaidi kulikamata. Unaweza kulifunga, unaweza kulitisha. Lakini huwezi kukaa kwenye kiti na kusema wewe ndiye Uvira, wakati watu wanajua waliompigia kura ni nani.

Wakoloni wenyewe walijifunza hilo kwa gharama yao. Mwaka 1957 Wabelgiji walikubali kuanzisha miji na komini zenye mabaraza, na Desemba ya mwaka huo wakazi wa Leopoldville, Elisabethville na Jadotville walipiga kura. Walikuwa wanaume peke yao, mama zetu hawakuhesabiwa. Katika komini ya Dendale, Joseph Kasa-Vubu akawa mkuu wa komini. Wabelgiji walidhani wamempa mtu kazi ya mifereji na taka. Tarehe 20 Aprili 1958, siku ya kuingizwa kazini, alisimama akadai uchaguzi mkuu na inchi kujitawala mambo yake ya ndani. Miaka miwili baadaye alikuwa Rais wa kwanza wa Kongo, na Dendale leo inaitwa komini ya Kasa-Vubu. Tunaikumbuka hadithi hii kila tunaposikia kwamba mambo ya komini ni madogo. Nyumba ndogo ilimpa mtu mahali pa kusimama na sababu ya kusikilizwa, kwa kuwa alikuwa na watu nyuma yake.

Desemba 1958 ikawa zamu ya miji mingine, Bukavu ikiwemo. Uvira haikuwa kwenye orodha.

Tulingoja. Tuliitwa site kwa miaka na miaka, hata watu walipoongezeka mpaka nyumba zikapanda mlimani na kushuka mpaka majini. Mwishowe dekre ya tarehe 13 Juni 2013 ikatupa hadhi ya mji, wenye komini tatu: Kalundu, Mulongwe na Kavimvira. Ilichukua miaka mingine kabla ya viongozi kuteuliwa na ofisi kuanza kuitwa za mji. Halafu likaja tumaini la Desemba 2023, pale CENI ilipoandaa uchaguzi wa washauri wa komini. Lakini walichaguliwa katika miji mikuu ya majimbo tu. Bukavu walipiga kura kwa ajili ya Ibanda, Kadutu na Bagira. Sisi siku hiyo tulipewa kura ya Rais na ya wabunge wa taifa na wa jimbo, basi. Kura ya komini haikufika Uvira.

Bukavu 1958, Bukavu 2023. Miaka 65 kati yake, na mara zote mbili Uvira imebaki nje ya orodha. Hatuwaonei wivu ndugu zetu wa Bukavu, nao wameteseka yao, na kwao pia kupiga kura hakukumaliza safari. Lakini tunauliza: kijana wa Nyamianda amekosa nini ambacho kijana wa Kadutu anacho? Jibu tunalopewa ni pesa na vifaa. Tunaposikia hivyo tunajiuliza kwa nini pesa na vifaa vya kutoza kodi havijawahi kukosekana.

Tuongee juu ya pesa basi, maana hapo ndipo mama zetu wanauziwa mbuzi ndani ya gunia. Katiba, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa jimboni ni ya jimbo, na ikatwe palepale. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba asilimia 40 ya sehemu hiyo ya jimbo ni ya miji, komini, sekta na usultani. Chukua kalamu. Kwenye kila franka 100 za taifa zilizokusanywa jimboni, 40 ni za jimbo, na ndani ya hizo 40, franka 16 zinapaswa kushuka mpaka ngazi yetu. Kuna duane mpakani Kavimvira, kuna bandari Kalundu. Malori yanapita, mizigo inashuka. Inchi nzima inajua kwamba zile asilimia 40 hazijawahi kufuatwa kama zilivyoandikwa. Lakini nani wa Uvira anaweza kudai franka zake 16 kwa sauti ya mji? Meya aliyeteuliwa na wakubwa hawezi kuwabana wakubwa walewale kwa nguvu, hata kama ni mtu mzuri. Baraza lingeweza, sababu lingekuwa limetumwa na sisi.

Na zile pesa ndogo? Mama anayeuza ndagala anakata jetoni kila siku. Motari anasimamishwa kwa karatasi hii na ile. Kijana anayefungua kibanda cha kuchaji simu anapata wageni watatu wa kodi kabla ya mteja wa kwanza. Wenye pesa wanajua mtu wa kupigia simu. Wasio nazo wanalipa na kunyamaza. Hatusemi kodi zote ni wizi. Mji bila kodi hauwezi hata kuzoa taka. Tunasema kodi ambayo haikujadiliwa na mtu yeyote aliyetumwa na wanaolipa, na ambayo hesabu yake haisomwi mahali popote, inafanana sana na ile ya kichwa ya zamani za Wabelgiji.

Kuna jambo lingine lililotufungua macho, nalo ni maji. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulivunja kingo zake. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka au kujaa matope, mabomba ya maji yakakatika. Miezi ile na mwaka uliofuata ziwa nalo likapanda, na 2024 likapanda tena, likaingia sebuleni kwa watu. Mvua haina chama, tunajua. Lakini viwanja vya ukingoni mwa mto vilikuwa na karatasi, na karatasi zilikuwa na kashe. Familia nyingi zilinunua kwa nia njema, zikaamini kashe ya leta, zikajenga kwa pesa za miaka. Nani alijadili ramani ya mji kabla ya viwanja kugawiwa? Hakukuwa na baraza la kukaa na kusema hapa mto unapita, hapa hapajengwi, msitie sinyatiri. Na baada ya maafa hakukuwa na mahali rasmi ambapo waliopoteza nyumba wangesimama, waulize maswali, na majibu yaandikwe kwenye daftari. Watu waliuliza redioni, waliuliza makanisani na misikitini. Nyumba ya mji haikuwa na ukumbi wa maswali hayo, sababu haikuwa na wa kuyapokea kwa niaba yao.

Halafu mwaka 2025. Katikati ya Februari Bukavu iliingia mikononi mwa M23, na makao ya serikali ya jimbo yakahamia hapa kwetu. Mnakumbuka siku zile. Wanajeshi waliokimbia, risasi mitaani, maelfu ya watu wakivuka Ruzizi kwenda Burundi, wengine ndani ya maji mpaka kifuani na watoto mabegani. Baadaye jimbo zima likaanza kuongozwa kutoka Uvira. Karibu sana, wageni ni baraka. Lakini tazama jinsi mambo yalivyokuwa: mji ulibeba jimbo mgongoni, na wenyewe haukuwa na hata mshauri mmoja wa kusema wakimbizi wakae wapi, shule gani zisiguswe, maji yatosheje, vijana wenye silaha wasikae kwenye kartie gani. Siku zile za Februari, kama tungekuwa na washauri, labda na wao wangekimbia. Binadamu ni binadamu. Lakini tungejua majina yao, tungewapigia simu, na leo tungewauliza.

Tuangalie ng'ambo, maana sisi ni watu wa ziwa. Usiku taa za Bujumbura tunaziona kutoka ufukweni kwetu. Kule mabaraza ya komini yanachaguliwa tangu 2005, na mwezi wa sita mwaka 2025 Warundi walipiga kura tena kwa ajili ya komini na bunge siku moja. Hatusemi kwa jirani ni paradiso. Chama kimoja kilichukua viti vyote 100 vya bunge vilivyogombaniwa, na hilo kila mtu analisoma anavyojua. Lakini kalenda ya komini kwao ipo, na kwetu haipo.

Shuka na ziwa mpaka Kigoma. Kule kata inachagua diwani, madiwani wanamchagua meya. Mwaka 2016 manispaa ya Kigoma-Ujiji ilikuwa kati ya mamlaka 15 tu za ngazi ya chini duniani zilizoingia kwenye mpango wa majaribio wa serikali za uwazi, ule unaotaka hesabu na maamuzi yawekwe mbele ya wananchi. Jina la Kigoma likawekwa orodha moja na Paris. Mwaka uliofuata serikali ya Tanzania ikajitoa kwenye mpango huo, na Kigoma ikafungiwa mlango kutoka juu. Tunachukua masomo mawili hapo. Kwanza, mji wa ziwa hili, maskini kama wetu, unaweza kufungua daftari zake. Pili, uwazi unaotegemea ruhusa ya wakubwa unaondoka ruhusa ikiondoka, kwa hiyo lazima wakazi wenyewe wauzoee na waudai.

Sasa tujibu maneno tunayoyasikia.

Wengine wanasema: inchi iko vitani, huu si wakati wa komini. Tunajibu kwa heshima, baba zetu na mama zetu: lini ulikuwa wakati? Mwaka 1996 hapana, 1998 hapana, 2013 hapana, 2023 hapana. Tunajua kura haiwezi kupigwa chini ya risasi, na hatumwombi mtu aweke sanduku la kura kesho asubuhi. Lakini kufungua daftari la bajeti hakuhitaji amani ya inchi nzima. Kunahitaji ufunguo.

Wengine wanasema: hao washauri nao watakula. Inawezekana, hata sana. Tofauti ni kwamba atakayekula atakuwa anakaa avenu fulani, tunamjua, na muhula wake uko na mwisho. Anayeteuliwa kutoka mbali hata akifanya vibaya hatuna namna ya kumtoa, na hata akifanya vizuri hatuna namna ya kumbakisha.

Na wengine, hasa kwenye simu, wanatuambia: nyinyi ni mashomeri wenye diploma, mnatafuta viti. Ndiyo, wengi wetu tumemaliza masomo na lisansi zetu ziko ndani ya sashe ya plastiki zisilowe. Tumepeleka barua za kuomba kazi mpaka wenye fotokopi wanatujua kwa majina. Hatuoni aibu kusema tunatafuta kazi. Lakini angalieni kitu kimoja. Kazi za mji, kuanzia kuandikisha viwanja mpaka kutunza soko, zinatolewaje? Kama hakuna bajeti inayosomwa, hakuna nafasi inayotangazwa. Kila nafasi inapitia mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma unajua majina ya familia chache. Ukosefu wa kazi na ukosefu wa baraza kwetu si shida mbili tofauti.

Kwa hiyo tunadai mambo manne, na matatu kati yake hayahitaji CENI wala Kinshasa.

Kwanza, CENI iziweke Kalundu, Mulongwe na Kavimvira kwenye kalenda ya uchaguzi wa komini, kwa maandishi, hata kama tarehe itategemea usalama. Neno "baadaye" tumelisikia vya kutosha.

Pili, ubao mlangoni mwa nyumba ya mji na ya kila komini. Juu yake ziandikwe kodi zote za mji na kiasi chake, kwa Kiswahili ambacho mama wa sokoni anasoma. Kando yake bajeti ya mwaka, pesa zilizopokelewa kutoka jimboni, na zimefanya nini. Mtu akitozwa kodi isiyo kwenye ubao, awe na haki ya kukataa bila kupigwa.

Tatu, kila miezi mitatu mlango ufunguliwe kwa kikao cha wakazi. Wakuu wa kartie wawepo, wamama wa soko, wavuvi, motari, walimu, na watu waliopoteza nyumba kwa maji. Maswali yaandikwe, majibu yaandikwe, daftari libaki ofisini na mtu yeyote aweze kulisoma. Hilo si baraza, na hatutakubali liitwe baraza. Ni mazoezi ya baraza.

Nne, karatasi za mji zitunzwe. Ramani, faili za viwanja, vitabu vya vizazi na vifo. Mji uliopigwa na vita mara nyingi hivi na kuzama kwa maji namna hii hauwezi kuacha kumbukumbu zake kwenye kabati moja. Ziwekwe mahali pa juu, na nakala ziwe mahali pengine. Vijana wanaojua kompyuta na hawana kazi wako wengi. Waiteni, wapimeni kwa mtihani wa wazi, waajirini.

Na sisi? Hatutangoja mikono mfukoni. Tumeanza kusoma sheria ya 2008 kwa Kiswahili, kipande kwa kipande, na tutairekodi kwa sauti ili mtu aisikilize kwenye simu hata akiwa anasukuma chukudu. Tunaomba kila kartie ijitafutie vijana wawili, msichana na mvulana, wa kusoma pamoja nasi. Siku ubao ukiwekwa, wao ndio watausomea watu. Usipowekwa, wao ndio watakwenda kuuliza, kwa heshima, mchana, bila jiwe mkononi, na watarudi wiki inayofuata kuuliza tena.

Kazi ya kwanza ni rahisi na inaanza Jumatatu. Usiseme tena "naenda kwa meya". Sema "naenda kwenye nyumba ya mji". Ukifika, kabla hujatoa karatasi yako ipigwe kashe, uliza kwa upole: bajeti ya mwaka huu inasomwa wapi? Halafu utuandikie ulijibiwa nini.